Ukungu wa grauti kwenye vigae vipya: namna ya kuutoa bila kuua sakafu

Simu hizi huja siku ya tatu au ya nne baada ya funguo kukabidhiwa. "Fundi, vigae vyangu vimefubaa na hata wiki havijamaliza!" Mwenye nyumba amepiga deki asubuhi na jioni. Sakafu ikiwa bado mbichi inang'aa kama ilivyong'aa dukani. Ikikauka tu, weupe unarudi, kama miguu ya mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Anaongeza sabuni, weupe unazidi. Siku ya tano jirani anamshauri anunue asidi, na hapo ndipo sakafu nyingi nzuri zinapoharibika.

Nilianza kazi hii Dar es Salaam nikiwa saidia fundi. Mwaka wangu wa pili tulimaliza baraza iliyotandikwa mawe ya chokaa yaliyosuguliwa yakang'aa. Ukungu wa grauti, ule weupe unaoachwa na kijazio cha mistari kati ya vigae, ukabaki. Fundi mkuu akamwaga asidi kali iliyozimuliwa kwa maji kidogo tu. Sakafu ikatoa povu kwa sekunde chache, na tulipoosha, mng'ao wote ulikuwa umekwenda, mawe yamekuwa na ngozi ya jasi. Mwenye nyumba, mama mmoja mstaafu, alisimama mlangoni asiseme neno. Tangu siku ile, kabla sijauliza dawa gani, nauliza kwanza kigae hiki ni cha nini.

Weupe huo unatoka wapi

Grauti ya kawaida ni simenti, mchanga laini au unga wa mawe, rangi, na mara nyingi plastiki kidogo ya kuiongezea nguvu. Fundi anapoifuta kwa sponji, maji hubeba chembe za simenti na kuzitandaza juu ya kigae. Maji yakishakauka, chembe zinabaki na kushika kama simenti yoyote inavyoshika. Siku za mwanzo utando huo ni laini, kitambaa kikavu kinautosha. Kadiri siku zinavyopita, chokaa iliyomo humeza hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kitu kilekile kilichomo kwenye jiwe la chokaa. Ndiyo maana ukungu wa jana hutoka kwa mkono na ukungu wa mwezi uliopita hukataa.

Huku kwetu kuna jambo linaloongeza tatizo: mafundi wengi hujazia simenti nyeupe tupu badala ya grauti. Simenti nyeupe ni rahisi na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini haina viungo vya kuituliza, hutoa unga mwingi na huacha utando mnene zaidi. Kama bajeti inaruhusu, nunua grauti ya mfuko.

Kama grauti bado haijapigwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu ukungu wote huzaliwa ndani ya saa moja ya siku hii.

Anza asubuhi mapema. Jua la saa saba mchana likipiga sakafu kupitia dirishani, grauti inashika kabla hujamaliza kuisukuma. Funga pazia, zima feni. Changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko, usikadirie kwa macho. Grauti ya uji huwa dhaifu, hupauka rangi, na kila tone la maji lililozidi ni ukungu wa kesho. Ukishachanganya, iache ipumzike dakika 5 hadi 10, kisha ikoroge tena bila kuongeza maji.

Vigae vyenye vinyweleo, kama mawe ya asili na vile vya udongo visivyopakwa glezi (tabaka la kung'aa kama kioo), vipake sila, yaani dawa ya kuziba vinyweleo, kwanza na uiache ikauke. Usipofanya hivyo simenti itaingia ndani ya kigae, na hakuna kitambaa kitakachoifuata huko.

Jaza eneo dogo, mita za mraba 2 au 3 kwa wakati mmoja. Sukuma grauti kwa kibao cha mpira kwa mshazari, kibao kikikatiza mistari, ili kisichimbe grauti kutoka kwenye maungio. Kisha kiinamishe kibao karibu kisimame wima na ukwangue juu ya vigae mpaka grauti ibaki kidogo sana. Watu huiharakisha hatua hii. Grauti unayoikwangua sasa hutahitaji kuiosha baadaye.

Sasa subiri. Grauti nyingi huhitaji dakika 15 hadi 30, na kwenye joto la pwani zinaweza kuwa 10. Usiangalie saa peke yake: bonyeza mstari kwa kidole. Kidole kikizama, bado. Kisipoacha alama kubwa na grauti isiponata, ni wakati wa sponji.

Uwe na ndoo mbili za maji safi, na maji yawe matamu. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sehemu nyingi za Dar na Zanzibar ndiyo yanayopatikana kwa urahisi, huacha weupe wake yenyewe yakikauka. Chovya sponji, ikamue kwa nguvu mpaka isidondoshe tone, ipitishe mara moja kwa mshazari, igeuze upande wa pili, ipitishe mara moja tena, kisha isuuze. Ndoo ya kwanza inatoa tope, ya pili inasafisha. Maji yakishakuwa kama maziwa, mwaga. Nimeona saidia fundi akifuta sebule nzima kwa ndoo moja iliyokuwa imegeuka uji. Alikuwa anapaka simenti sakafu nzima huku akiamini anaisafisha.

Baada ya saa 2 au 3 utando mwembamba utaonekana. Sugua kwa kitambaa kikavu cha pamba au taulo kuukuu, kwa mzunguko, ukikikung'uta nje kila mara. Wapo mafundi wanaotumia maranda makavu ya mbao, na hufanya kazi vizuri kwenye grauti ya kijivu. Kwenye grauti nyeupe naogopa: maranda ya mninga yakipata unyevu huacha rangi. Ukimaliza, laza tochi ya simu sakafuni na uangalie kwa mwanga wa pembeni. Ukungu usioonekana ukiwa umesimama utauona wote.

Kama umeukuta ukungu: hakikisha ni ukungu kweli

Lowesha kigae kimoja na ukiache kikauke. Weupe ukipotea kwenye maji na kurudi kikikauka, ukiwa umeenea sawasawa au una alama za mizunguko ya sponji, huo ni ukungu wa grauti.

Weupe ukitokea kando ya mistari tu, kama unga, na ukirudi kila baada ya wiki hata uufute vipi, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka chini. Utaifuta kwa brashi kavu, lakini dawa yake ni kutafuta maji yanakotoka: bomba linalovuja, bafu lisilozuiliwa maji, ukuta unaonyonya ardhi. Asidi haitakusaidia, itaongeza maji na chumvi nyingine.

Vigae vya kung'aa vya poseleni vina mtego wake. Vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepakwa nta nyembamba ya kuvilinda visichubuke njiani. Nta hiyo hushika vumbi la simenti na kuonekana kama wingu lenye mafuta, na alama za nyayo hubaki juu yake. Nta haisikii siki. Inatoka kwa sabuni ya kuondoa mafuta na maji ya moto, ikisuguliwa kwa kitambaa laini. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba ametia siki mara tatu bila mafanikio, mara nyingi namwambia, "Mama, weka siki pembeni, tujaribu sabuni ya mafuta kwanza."

Halafu kuna utando wa sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia, ikitumika kupiga deki bila kusuuza, huacha ngozi yake juu ya ngozi ya simenti. Suuza sakafu kwa maji matupu mara mbili kabla ya kuhukumu lolote.

Jua kigae chako

Tafuta kipande kilichobaki. (Kila anayejenga ajiwekee vigae viwili vitatu vya akiba, si kwa ajili ya kuvunjika tu.) Dondosha matone ya siki au ndimu juu yake, subiri dakika 5, futa. Ikitoa viputo, au mahali pale pakififia, kigae hicho kina chokaa: ni marumaru halisi, jiwe la chokaa, au teraso. Hapo asidi ya aina yoyote ni marufuku, hata siki iliyozimuliwa, hata ndimu. Utatumia maji, sabuni isiyo kali iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe, na mkono wako. Ukishindwa, mwite fundi wa kusugua mawe kwa mashine.

Neno lenyewe huwapoteza watu. Madukani kila kigae kinachong'aa huitwa marumaru, au malumalu, wakati vingi ni seramiki au poseleni, vikiwemo vile vinavyotengenezwa Chalinze na Mkuranga. Hivyo vya viwandani huvumilia asidi hafifu. Jiwe halisi halivumilii. Usiamini jina, amini tone la siki.

Siku ya pili hadi ya kumi: maji, kitambaa, subira

Grauti changa bado inajenga nguvu. Katika siku hizi usiguse asidi yoyote. Itakula mistari kabla haijala ukungu. Unachoweza kufanya, baada ya saa 24 kupita, ni hiki.

Fagia kwa ufagio laini, kwa sababu mchanga ukibaki utakwaruza kigae unaposugua. Jaribu kitambaa kikavu kwanza, ukikandamiza kwa nguvu. Ukungu wa siku moja mara nyingi hutoka kwa hilo tu, nawe umeokoa hela na mgongo. Ukibaki, chukua maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, lowesha kitambaa au kisuguo cheupe laini, kamua vizuri, sugua mita moja ya mraba, kisha futa papo hapo kwa kitambaa kingine kilichochovywa maji matupu, na ukaushe kwa cha tatu. Vitambaa vitatu, kila kimoja na kazi yake. Anayeyaacha maji yajikaukie atakuwa ameurudisha ukungu palepale.

Vigae vya bafuni vyenye uso wa kukwaruza vinahitaji brashi ya nailoni, kwa kuwa ukungu hujificha kwenye vishimo. Usitumie kisuguo cha kijani kwenye kigae cha kung'aa, na usitumie waya wa sufuria popote: huchuna, na vipande vyake vikibaki kwenye grauti hutoa kutu. Donge la grauti lililogandamana likwangue kwa kijiti au kadi ya plastiki, si kwa kisu.

Rudia kesho yake. Sakafu nyingi nilizoitiwa zimeisha hapa, raundi mbili au tatu, bila dawa.

Baada ya siku kumi: asidi, kwa mpangilio

Ukungu uliokataa maji na sabuni ni simenti iliyokwisha kushika, na simenti huyeyushwa na asidi. Anza na hafifu. Vaa glavu za mpira na miwani, fungua madirisha yote, toa watoto na wanyama nje. Funika bomba za kromu na fremu za alumini kwa nailoni. Soma kopo, likitaka siku zaidi ya kumi, lifuate hilo, na kama una nafasi ya kusubiri wiki nne grauti itakuwa imekomaa kweli.

1. Jaribu pembeni, nyuma ya mlango au chini ya kabati. Subiri pakauke. Angalia kigae na rangi ya grauti. Grauti za rangi iliyokolea hupauka upesi.

2. Lowesha sakafu yote kwa maji matamu, hasa mistari, kisha futa maji yanayosimama juu ya vigae. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayookoa grauti: ikiwa imeshashiba maji, haitanyonya asidi.

3. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Paka eneo la mita moja hadi mbili za mraba, uache dakika 1 au 2, sugua kwa kisuguo cheupe. Lisikauke.

4. Kusanya maji machafu kwa kitambaa au dekio, usiyasukume kwenda eneo linalofuata. Suuza mara mbili kwa maji yaliyobadilishwa.

5. Siki ikishindwa, nenda kwenye asidi ya sulfamiki, ambayo huuzwa ikiwa unga au imo ndani ya dawa za kuondoa simenti kwenye vigae. Haitoi mvuke mkali kama asidi ya hidrokloriki, na unaweza kuitawala kwa vipimo vya kopo. Weka maji kwenye ndoo kwanza, kisha tia unga kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya asidi. Hatua nyingine ni zilezile.

6. Maliza kwa kuituliza asidi iliyobaki. Kijiko kikubwa cha magadi au baikaboneti ya soda kwenye ndoo ya maji kinatosha, pitisha sakafu nzima, kisha suuza tena na ukaushe. Magadi haya ni yaleyale ya maharage.

Sasa kuhusu asidi ya hidrokloriki, ile ya chupa inayotoa moshi ukiifungua, ambayo wengine huipata kwa kununua dawa kali ya choo. Siitumii ndani ya nyumba na nakuomba usiitumie. Inatoa ukungu, ni kweli. Inatoa pia uso wa grauti, inaibadilisha rangi, mvuke wake hutia kutu bomba na bawaba za milango hata ambazo hukuzigusa, na kifua cha anayesugua akiwa amepiga magoti kiko sentimita chache kutoka kwenye moshi ule. Mara nyingi anayepiga magoti ni dada wa kazi au saidia fundi ambaye hakupewa hata glavu. Kama humpi glavu, usimpe asidi.

Na kwa hali yoyote usichanganye asidi na jiki, wala usipige deki ya jiki juu ya sakafu ambayo haijasuuzwa asidi. Siki, sulfamiki, dawa ya choo, yoyote kati ya hizo ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Bafu dogo lenye dirisha moja linatosha kukuangusha. Ukisikia harufu kali inayobana koo, toka nje mara moja, acha mlango wazi, usirudi kuokoa ndoo.

Kwenye vigae vya vioo na vile vyenye mapambo ya dhahabu au fedha, baki kwenye maji na sabuni. Soma pia maandishi ya dawa: zenye floridi huchoma kioo na glezi, na alama hiyo haifutiki.

Grauti ya epoksi

Hii ni gundi ya plastiki, haina simenti, kwa hiyo maelezo ya asidi hayaihusu. Hutumika zaidi kwenye majiko ya hoteli na mabwawa ya kuogelea. Ukungu wake ni gundi inayonata, na muda wake ni saa, si siku. Uoshe siku ileile kwa dawa iliyopendekezwa na aliyeitengeneza. Ikishakauka kabisa utahitaji dawa maalumu ya kulainisha epoksi, na kazi itakuwa ndefu. Kwa sababu hiyo sipendi kumwona fundi anayejifunza akianza na epoksi kwenye sebule ya mtu.

Kabla ya kurudisha samani

Acha sakafu ikauke usiku mzima. Asubuhi laza tochi tena. Ukiona mizunguko hafifu imebaki sehemu moja mbili, rudia pale tu, si chumba kizima.

Kama grauti ni ya simenti, ipake sila ikiwa imekauka kabisa, siku mbili tatu baada ya kuosha. Tumia brashi nyembamba, fuata mstari. Itakayomwagikia juu ya kigae ifute ndani ya dakika 5 hadi 10, au kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiiacha ikauke hapo itaacha utando wake, wenye kung'aa na wa kunata, na huo siki haiutoi.